Jina la Mama Koku

Usiku wa jana niliota safari imeshashika kasi. Nimekaa juu ya kompyuta ya kichogo, zile nene za zamani, nayo inakimbia barabarani huku inahema.

"Jishike, mzee," inaniambia. "Ukurasa wako unafutwa jua likizama."

Ukurasa huo ndio wenye michoro yangu yote. Karatasi zenyewe ziliishia kwenye mvua, nyingine zilifungiwa karanga. Kuchora nilijifunzia mtandaoni. Shule zilinipa darasa moja hapa, darasa moja kule. Kila mji nilioingia niliuliza kwanza intaneti iko wapi, halafu chakula. Kila aliyenipa kibao cha dukani nimchoree, alikuwa ameuona ukurasa huo. Ukifutwa, mimi ni mzee mwenye begi tu.

Nyuma yetu wanakuja wafuasi wangu, kwa miguu. Nikageuka. "Jamani, picha zangu zinafutwa leo!"

Wote wakainua vidole gumba. Mmoja akasema, "Hongera sana."

Tukafika mlangoni. Mlango ukaniuliza, "Wewe ni roboti?"

"Mimi ni mchoraji."

"Chagua vyumba vyote vya picha vyenye punda."

Punda mwenyewe amesimama katika vyumba vitatu, lakini ncha ya sikio imeingia cha nne. Nikamuuliza kama sikio nalo ni punda.

"Sijawahi kuulizwa," akasema. "Weka tu."

Nikaweka. Mlango ukaendelea: "Jina la mama yako?"

Nikalitaja. Ukakataa. Nikataja la ubatizo. Ukakataa. Jua linateremka.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ukurasa ule nilifunguliwa na Koku, mhudumu wa intaneti kafe kule Bukoba. Siku hizo sisi wateja tuliogopa hata kubonyeza. Koku alitufungulia wote, na kwenye kila swali la siri alijaza majibu yake mwenyewe. Nusu ya mji tulikuwa na mama mmoja.

Mlango ukawa kaunta ya kafe. Koku yuko nyuma yake, hajazeeka.

"Koku mwanangu, mama yako anaitwa nani?"

"Heee, Mzee wa Picha! Nitamke jina la mama yangu mbele za watu?"

"Si uliliandika?"

"Kuandika niliandika. Kulitamka siwezi. Nenda kamuulize mwenyewe. Miaka yote hii wewe ni mwanawe, hujaenda hata kumsalimia."

Nikapita chini ya kaunta, nikatokea jikoni. Mama Koku anamenya ndizi. Kwenye mkeka wamekaa wanawe wa intaneti: polisi, mwalimu wa kwaya, mnunuzi wa kahawa. Wanasubiri chakula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni yupi?"

"Mchoraji."

"Mwanangu, mbona umenizidi umri? Kaa. Nichore."

Sina karatasi. Akanipa jani la mgomba. Nikachovya kidole kwenye utomvu wa maganda, nikachora mikono yake na kisu. Polisi akasogea kuchungulia, akaambiwa arudi mkekani. Mama akalichukua jani.

"Ndiye mimi. Andika hapo chini: Kemilembe."

Nikaandika. Jani likafunguka katikati.

Nikaamka. Niko gesti, Singida. Vidole vyangu vina madoa meusi ya utomvu wa ndizi, na huku sijamenya hata moja. Nimesugua kwa sabuni, hayatoki. Nikachukua simu, ukurasa bado unauliza jina la mama, nikajibu Kemilembe. Ukurasa ukafunguka.

Kompyuta ilibaki mlangoni, ilisema imechoka. Wafuasi wamerudi makwao. Punda amehesabiwa katika vyumba vinne. Koku, nasikia, aliolewa Biharamulo. Mama yake bado anamenya, na wale wanawe wengine hawajala. Mimi natazama picha zangu tangu asubuhi, moja moja, na basi la Manyoni limeondoka bila mimi.