Matumbawe ya Pasiansi

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: kitu kikianza kufa ndani ya nyumba yenye watu wawili tu, na mmoja wa hao ni wewe mwenyewe, utamshuku nani? Usijibu haraka. Mimi nilishuku maji, nikashuku chumvi, nikashuku taa, nikamshuku hata jirani. Yule wa pili ndiye aliyekuwa akinishikia tochi.

Kitu chenyewe kilikuwa matumbawe. Najua utacheka. Matumbawe ni ya baharini, na sisi tulikuwa tunakaa Pasiansi, ziwa lisilo na chumvi hata chembe liko pale chini ya nyumba. Lakini miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa, ndege zinatua Mwanza kubeba sangara, na ndege haiji tupu. Bwana Theodori, Mgiriki niliyekuwa nampikia, alikuwa meneja wa kiwanda kimojawapo. Aliletewa tangi la kioo, mawe yenye uhai ndani yake, na magunia ya chumvi ya kutengenezea maji ya bahari. Mkataba wake ulipokwisha akaniambia, "Mama, ukiyaacha yatakufa. Yachukue." Nikayachukua.

Moja lilikuwa la mviringo, la kijani, lina mikunjo kama utumbo wa mbuzi uliooshwa vizuri. La pili lilikuwa na vidole laini, rangi ya chai ya maziwa, vinavyofunguka asubuhi kimoja kimoja, kwa madaha. Walikuwepo pia samaki wawili wenye mistari, uduvi mmoja mwekundu, na konokono wanaolamba uchafu wa kioo. Kila nilipoamka, kabla sijawasha moto, nilikwenda kuvitazama vile vidole. Vikiwa wazi, siku yangu imeanza vizuri.

Kazi ya kuyatunza niliipenda. Maji yakipungua kwa joto, unaongeza maji ya mvua matupu, maana kinachopotea hewani ni maji, chumvi inabaki. Matumbawe hujijengea mifupa kwa chokaa. Basi nililoweka chokaa ndooni, ikatulia, nikachota yale maji maangavu ya juu na kuyadondosha taratibu kama anayemnywesha mtoto dawa. Kupima nako nilifundishwa: unatia matone kwenye kichupa, maji yanakuwa ya waridi, kisha unaongeza matone mengine mpaka yageuke bluu. Yakigeuka mapema, chokaa haitoshi. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hayo yalikuwa kama kuonja mchuzi, ni mazoea tu.

Mume wangu Ndalahwa alinisaidia sana. Alikuwa fundi wa kiwanda cha nyavu mpaka kiwanda kilipouzwa, na wenyewe wapya wakapunguza watu, naye akapunguzwa. Tangu hapo akawa wa kufuga mbuzi nyuma ya nyumba. Umeme wa mgao ukikatika na pampu ikinyamaza, tulipokezana kata, tunachota maji ya tangi na kuyamwaga kutoka juu yapate hewa. Na pale nyuma ya kisanduku cha pampu, ambapo mkono wangu haufiki, yeye mwenye mikono mirefu ndiye aliyesafisha.

Mara kwa mara alikwenda kijijini kwao, Nassa, kuona ng'ombe waliobaki kwa mdogo wake. Alirudi na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kifuko, anakaa mlangoni, anasema, "Nassa kumenyesha."

"Mungu ashukuriwe," namjibu, macho yangu yako kwenye kichupa.

"Ile nyumba ya mama bado imesimama. Paa tu ndilo bovu."

"Paa nalo si kitu."

Basi, yanaishia hapo.

Baada ya Pasaka, asubuhi moja vidole havikufunguka. Kesho yake vilikuwa vimenywea, vimetoa utelezi kama bamia. Uduvi nikamkuta amelala ubavu. Konokono wakaanza kudondoka kwenye kioo, mmoja leo, mwingine kesho, wamelala chini midomo wazi. Lile la kijani likaanza kupauka pembeni, mfupa mweupe unachungulia.

Nikapima chumvi: kipimio kikaelea palepale panapotakiwa. Nikapima chokaa: waridi ikageuka bluu kama siku zote. Nikafuta taa vumbi. Nikabadilisha ndoo nzima ya maji, nikabadilisha nyingine. Vidole vikajaribu kunyanyuka, halafu vikalala tena. Ndalahwa alisimama nyuma yangu na tochi, anamulika kila ninapoonyesha kidole.

"Pole, Mama Jonathan," akasema. "Pole sana. Labda ni hii dawa ya mbu anayopuliza jirani."

Jirani ni Akelo, Mjaluo wa Shirati, mwenzangu wa kusukana na kuombana chumvi. Nikavaa kanga yangu nikaenda. Nilimkuta anachambua dagaa uani.

"Akelo, unaniua."

"Ai! Na mimi sijamaliza hata kuchambua dagaa?"

"Dawa yako ya mbu inaingia kwangu. Matumbawe yanakufa."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Dawa gani, mama? Mimi nafukiza mavi ya ng'ombe, kama bibi yangu! Mawe yako yanavuta moshi siku hizi?"

"Usinicheke. Uduvi amekufa. Konokono wote wamekufa."

"Na wale samaki wako wenye mistari, nao wamekufa?"

"Wazima."

Akaacha kucheka. Akanitazama, dagaa mmoja mkononi. "Moshi gani huo unaochagua? Umekuja kunigombeza kwa moshi unaojua majina?"

Nilirudi polepole, na njiani nikakumbuka shule. Tulikuwa na bwawa pale shuleni, watoto wanakojoa damu kwa kichocho, na bwana afya akaja na gunia la mawe ya bluu akayatia majini. Konokono wakaelea juu, weupe, kila mahali. Kambale wakabaki wanaogelea. Mwalimu akatuambia jina lake: mrututu.

Na mrututu nilijua ulipo. Ulikuwa kwenye kopo, umening'inizwa kwenye banda la mbuzi. Ndalahwa aliwapaka kwato zikioza.

Sikwenda bandani. Nilikwenda kwenye tangi, nikachukua upawa wenye mpini mrefu, nikaupitisha nyuma ya kisanduku cha pampu. Kitu laini kikanasa. Nikakivuta. Kilikuwa kifurushi cha kitambaa, kidogo kama limao, kimegeuka rangi ya kijani na bluu. Kitambaa ni cha fulana yake ya zamani, ile niliyoishona kwapa mara mbili. Na lile fundo! Hakuna mtu anayefunga kitambaa hivyo isipokuwa aliyesuka nyavu nusu ya maisha yake: uzi umerudi juu ya uzi, ukivuta unazidi kukaza.

Ndalahwa alikuwa mezani anakunywa uji. Nikakiweka mbele ya bakuli, maji yanachuruzika mpaka kwenye mapaja yake. Hakuruka. Alikiangalia tu.

"Baba Jonathan, hili fundo la nani?"

Akaligusa fundo kwa ncha ya kidole.

"Nimekwenda kumtukana Akelo. Ulinisikia nikitoka. Ulikuwa hapahapa."

"Nilikusikia."

"Ukaniacha niende."

"Nilikuacha."

Angekana, ningempigia kelele, ningepumua. Lakini alikuwa anakubali kila neno kama mtu anayepokea mizigo kwenye lori. Nikakaa chini. Nyuma yangu lile la kijani lilikuwa limebaki ukingo mmoja wenye rangi, mwembamba kama ukucha, na nilijua hata huo hautafika Jumapili.

"Nakuuliza moja tu," nikamwambia. "Kuua umeua. Lakini tochi? Kwa nini ulinishikia tochi? Ulikuwa unamulika nini, Ndalahwa, wakati unajua?"

Tangu mwanetu Jonathan azaliwe sikuwa nimemwita kwa jina, wala yeye hakuwahi tena kuniita Kashindye. Akasukuma bakuli pembeni. Mikono yake mirefu ilikuwa juu ya meza, na nikaona vidole vyake vimeingiwa na bluu kwenye mizizi ya kucha. Siku zote hizo vilikuwa mbele ya macho yangu, na mimi naangalia vidole vya ndani ya kioo.

"Kila nikirudi nilikuwa nakwambia kumenyesha," akasema.

"Kunyesha ndiyo nini? Mvua ni mvua!"

"Nilikuwa nakwambia nyumba ya mama imesimama."

"Sema, basi! Mdomo unao. Sema kama mtu!"

Mtu mzima yule, aliyewahi kusimamia mashine za kiwanda kizima, sauti ikamtoka nyembamba kama ya kijana aliyeletwa kuposa.

"Nilitaka kurudi Nassa," akasema. "Hapa sina kazi, nimekuwa mlinzi wa mbuzi. Nilijua hutoki kwa sababu ya hayo mawe, kule hakuna umeme. Nataka kurudi nyumbani, Kashindye, na sitaki kwenda peke yangu."