Hatua Ishirini Kwenye Tope Jipya

Jumatatu asubuhi mpima ardhi alivua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akaingia kwenye tope jipya mlangoni mwa mto. Ilikuwa kazi ya kila kiangazi. Mto ukifika ziwani huishiwa nguvu na kutua mzigo wake: mchanga mzito karibu, tope laini mbele zaidi. Mdomo mmoja ukiziba, maji hutafuta njia nyingine, na ardhi inayobaki huhitaji mawe ya mipaka.

Safari hii alikuta jiwe limemtangulia. Lilikuwa na nambari aliyoichonga mwenyewe miaka sita nyuma, kule milimani, shambani kwa shangazi yake. Mbele ya jiwe kulikuwa na mistari ya mahindi, kisha mafiga matatu, kisha shangazi mwenyewe, akifagia. Alikuwa mwepesi tangu uhai wake, ndiyo maana mto ulimfikisha mbali kuliko msingi wa nyumba yake.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Mbona umekonda? Huko ofisini hamli?”

Maji yalimchuruzika shangazi nguoni bila kukoma, na uwanja haukulowa. Mpima aliona aibu. Mwaka ule alilisogeza jiwe hatua ishirini ndani ya shamba, ili miti ya ukingoni mwa mto iwe ya mwenye kiwanda cha mbao. Miti ilikatwa. Masika ya pili ukingo ukameguka, ukaenda na shamba, na nyumba, na shangazi akiwa jikoni.

“Nilijua,” alisema shangazi. “Si mimi niliyekushikia kamba? Nilizihesabu hatua zako.”

“Mbona hukusema?”

“Mbele za watu? Nikuaibishe kazini? Haya, pima upya. Leo tuko wawili.”

Walipima sawasawa hadi adhuhuri. Ndipo mwenye kiwanda, shemeji wa mkuu wa ofisi ya mpima, alipofika kwa boti.

“Pole na safari, mama,” alimwambia shangazi. Kisha akamgeukia mpima. “Nataka pa kushushia magogo. Sogeza kama mwaka ule.”

 Mpima aliinama akaling'oa jiwe.

Shangazi aliweka ufagio chini, akashika ncha ya kamba bila kuombwa na kuanza kutembea. Safari hii alihesabu kwa sauti.

“Ishirini,” alisema, amesimama katikati ya mafiga yake, akaikaza kamba isilegee. “Andika, baba, usije ukasahau.”

Mpima aliandika.