Mishono Mitatu Myekundu

Mimi sipendi umbea, nasema mapema tusije tukasumbuana. Ila karakana yangu iko hatua kumi tu kutoka kwenye taa za barabarani, na cherehani langu liko mlangoni kwa sababu ya mwanga. Sasa macho niyaweke wapi? Huu ni mwaka wa ishirini na mbili nashona viti vya magari. Gari likisimama kwenye taa nyekundu, mimi huangalia viti kwanza, dereva baadaye.

Ndivyo nilivyomwona yule mtoto. Gari dogo la kijivu, kila asubuhi saa moja na nusu, mama kwenye usukani, na nyuma mtoto wa kike wa kama miaka minne, amesimama. Hajakaa, amesimama! Katikati ya viti viwili vya mbele, kashika viegemeo, anaongea bila kupumua, na mama anaitikia bila kugeuka. Taa ikiwa kijani gari linachomoka, mtoto anayumba kwa nyuma, anacheka, anajishika tena.

Siku ya kwanza nilisema labda wamechelewa. Siku ya tatu damu ilinichemka.

"Shemeji, njoo uone ujinga!" niliita.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye anayekata sponji pale karakanani. Mtu mzima wa miaka hamsini, tunamwita Polepole, na jina limemkaa. Alipofika mlangoni taa zilikuwa zimeshabadilika mara mbili.

"Nione nini?"

"Uone vumbi. Gari limeondoka wewe bado unatafuta ndala."

Nikamweleza. Akajikuna shingo, akasema ya watu hayo, tuwaachie wenyewe. Nikamwambia breki moja tu, Polepole, breki moja, yule mtoto anatoka na kioo cha mbele. Aliangalia juu ya rafu, na mimi nikaangalia.

Pale kwenye rafu kuna kiatu. Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kuletewa viti vya gari lililogonga nguzo, nibadilishe kitambaa. Chini ya kiti cha mbele nikakuta kiatu cha mtoto kimenasa kwenye chuma. Nilikiosha, nikamrudishia mwenye gari. Alikiangalia, akatikisa kichwa, akaondoka. Sikuuliza kitu. Kukitupa nimeshindwa mpaka leo.

Sasa redioni siku hizo walikuwa wanatangaza namba ya simu. Ukiona mtoto anasafirishwa ovyo kwenye gari, piga, taja namba ya gari, jina lako halitatajwa. Ile namba ya simu niliishika kichwani. Namba ya gari la kijivu niliiandika kwa chaki pembeni mwa meza ya kukatia.

"Utamripoti mtu humjui hata jina?" Polepole aliuliza. "Wakimkamata je? Wakichukua gari? Pengine ndilo linalomfikisha kazini."

"Na mtoto akifa?"

"Sijasema afe."

"Basi umesema nini?"

"Nimesema humjui."

Tulibishana hivyo siku tatu, na siku tatu nilikata vitambaa kwa kuizunguka ile chaki nisiifute. Nawaambia ukweli, niliogopa. Kumchongea mtu si jambo dogo. Nikilala namwona mama analia kituo cha polisi, nikigeuka upande wa pili nakiona kile kiatu.

Siku ya nne baiskeli ilikatiza mbele ya taa. Gari la kijivu likafunga breki, na mtoto akaruka kama mzigo. Kidevu kikapiga kwenye gia. Nilisikia kilio chake mpaka kwenye cherehani. Mama alimfuta damu kwa mkono mmoja, mwingine bado uko kwenye usukani, halafu taa ikawaruhusu wakaenda.

Nilipiga simu hapo hapo. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole, ikachukua namba, saa na mahali, ikanishukuru. Nilijisikia vizuri, sikatai. Siku nzima nilishona huku naimba, na Polepole akaniomba nipunguze sauti.

Gari la kijivu halikuonekana siku nne. Siku ya tano, saa nne asubuhi, likaja likaingia moja kwa moja karakanani kwangu.

Akashuka yule mama. Kwa karibu alikuwa binti tu, mwenye aproni ya jikoni na macho yaliyochoka. Mtoto alikuwa na plasta kidevuni. Moyo ulinipasuka paa!

"Habari za kazi, mama," alisema. "Nimeelekezwa hapa. Leo naingia zamu ya mchana, nikasema nipite. Nahitaji mikanda ya nyuma kabla ya Ijumaa."

"Kuna nini Ijumaa?"

Akanipa karatasi. "Kuna mtu aliniripoti. Walinisimamisha, wakaniandikia. Ijumaa wanakagua, na kama hakuna mikanda gari linabaki kwao, mimi naitwa mahakamani. Siku hizi naogopa kusimamishwa tena, asubuhi tunakwenda kwa miguu, saa nzima na robo. Mimi ni mpishi hospitalini, wagonjwa hawasubiri chai. Nimechelewa mara tatu, na bosi ameniambia ya nne nisijisumbue kuja."

Polepole aliacha kukata sponji.

Mimi hotuba yangu nilikuwa nayo tayari tangu wiki iliyopita, nikaitoa. "Na wewe mwanangu, mtoto unamsimamisha kwa nini? Hata kumkalisha tu kunakushinda?"

Hakubisha. Alizunguka akafungua buti. Mle ndani kulikuwa na kiti cha mtoto, cha bluu, kizuri, kipya kabisa.

"Nilikinunua wiki ile ile niliyopata gari," alisema. "Hakina pa kufungia. Ukikiweka nyuma, kona ya kwanza kinapinduka naye. Kimempindua mara mbili. Sasa akikiona tu analia, anataka asimame anishike bega. Hili gari halina mikanda nyuma, mama. Nililinunua hivi hivi."

"Haiwezekani. Magari haya yanatoka kiwandani na mikanda. Wameing'oa."

Niliingia kwenye kiti cha nyuma, nikapitisha mkono kwenye ufa kati ya kiti na kiegemeo. Vidole vikagusa kitu kigumu chini ya kitambaa. Nikasogeza mkono, nikagusa kingine. Nikainama nikaangalia kwenye kona, karibu na mlango wa kushoto.

Mishono mitatu myekundu.

Kila fundi ana alama yake, na hiyo ni yangu. Nikimaliza kava la mwisho natia mishono mitatu ya uzi mwekundu kwenye kona, watu wajue ni mkono wa nani. Na mkono wangu unasifiwa kwa jambo moja: kiti changu kinatulia bapa, hakina mkunjo. Nitawaambia siri yake. Kukata matundu ya vifungio vya mikanda ni kazi ya nusu siku, na kitambaa kikishakatwa hukunjamana. Mteja haupendi mkunjo. Wengi husema, "Nyuma hakai mtu, fundi, funika tu." Basi nafunika. Naikunja mikanda na vifungio vyake, nalaza sponji nyembamba juu, nashona. Hili gari nililikumbuka sasa. Lilikuwa la mzee mmoja aliyeishi peke yake. Akaliuza, na kazi yangu ikaenda nalo.

Nilikaa mle ndani zaidi ya ilivyohitajika. Yule binti hakujua kitu. Ningeweza kusema niachie gari mpaka kesho nikuwekee mikanda mipya, na angenishukuru na kuniombea heri. Niliwaza hivyo, sitaki kuwadanganya.

"Shemeji," sauti ya Polepole ilisema dirishani. Na yeye aliiona ile mishono. "Mkasi huu hapa."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amewahi.

Nilikata. Kifungio cha kwanza kikatoka, kingali na karatasi ya kiwandani. Kikatoka cha pili, nikavuta mkanda ukanifuata mzima. Mtoto alipanda akachungulia.

"Mama! Gari letu lilikuwa limeificha!"

Yule binti aliinama mlangoni. Hakuelewa. "Kumbe ilikuwepo?"

"Ilikuwepo siku zote. Mimi ndiye niliyeifunika," nikasema. Na kwa kuwa mdomo ulishafunguka, sikuuacha ufunge. "Na simu niliipiga mimi. Nilikuwa nawaona kila asubuhi kutoka pale mlangoni."

Nilisubiri matusi. Bora angenitukana. Yeye alikwenda akachukua kile kiti cha bluu, akakiweka nyuma, akapitisha mkanda, akafunga. Klik. Akakitikisa kwa mikono miwili na hakikusogea. Akamweka mtoto, akamfunga, mtoto naye akajaribu kukipindua kwa makusudi, akashindwa, akacheka. Ndipo mama yake akanigeukia.

"Hizi taa zinakaa nyekundu muda gani?"

"Sekunde arobaini na tano," nilijibu bila kufikiri.

"Ungekuja ukagonga kioo, mama, ningeshusha," alisema. "Nilichokuambia leo ningekuambia siku ile. Mwanangu asingekuwa na hii plasta."

Hakuinua hata sauti. Akaingia ndani, akawahi kazini. Nilirudi kwenye cherehani, nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nililia, na Polepole akajifanya anatafuta ndala zake.

Jioni niliandika barua kwa wale wa Ijumaa, nikaeleza kosa ni la nani, nikatia sahihi na jina langu lote. Lakini usiku mzima sikuwaza Ijumaa. Miaka ishirini na mbili! Niliwaza ni magari mangapi.

Kesho yake saa moja na nusu sikukaa kwenye cherehani. Nilisimama ukingoni mwa barabara, mkasi kwenye mfuko wa aproni, nikawa nachungulia kona za viti vya nyuma. Polepole alinipigia kelele kwamba nitagongwa. Taa ilipowaka nyekundu mara ya tatu, likasimama gari la bluu. Baba mwenye tai kwenye usukani, watoto wawili wa shule nyuma, wamepiga magoti wanaangalia walikotoka. Karibu na mlango wa kushoto nikaiona, mishono mitatu, uzi wangu.

Nikahesabu hatua, nikagonga kioo. Yule baba akanipungia mkono niondoke. Nikagonga tena. Akakishusha kidogo, kiasi cha vidole viwili.

"Sinunui kitu, mama."

"Na mimi siuzi kitu, mwanangu," nikasema. "Hapo nyuma yako kuna mikanda. Niliifunika mimi."