Waliokwenda na Gatesi

Mume wangu Wellars ni mwalimu mzuri wa Biblia. Nalisema hilo mwanzoni ili nisije nikaonekana namsengenya. Kila Alhamisi jioni watu wa kikundi chetu hukusanyika sebuleni kwetu, juu ya barabara ya Rubona, mahali ambapo upepo ukigeuka hutuletea harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia, na yeye huwafundisha. Huuliza swali, huwapa watu nafasi ya kuvuta pumzi, kisha hulijibu mwenyewe. Majibu yake ni mazuri, na watu huyaandika.

Mimi huwa jikoni. Chai ya watu wengi haijipiki, na kwa miaka yote hiyo nimesikia maandiko nusunusu kupitia mlangoni. Najua vizuri Yona alivyomezwa. Alivyotoka sijui sana, kwa sababu wakati huo huwa nachuja majani.

Tunasoma kwa Kiswahili, maana wengi wetu ni waliorudi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, kama Wellars mwenyewe. Mimi nilikulia Ngara, Tanzania, na wakinisikia naongea huniambia naongea kama redio. Nimezoea.

Kanisani kwetu kuna utaratibu kwamba kikundi kikijaa kinagawanywa. Alhamisi moja mchungaji alipita kututembelea, akakuta watu wameketi kwenye kizingiti na mmoja amekalia ndoo iliyogeuzwa, akasema wakati umefika. Wengine watabaki na Wellars, wengine wataondoka na msaidizi wake, Gatesi. Huyu Gatesi ni fundi cherehani wa Mbugangari, binti mpole ambaye akiongea inabidi uinamishe kichwa ndipo umsikie. Wellars alikuwa amemfundisha kuongoza, lakini kuongoza kwenyewe alikuwa hajampa.

Nani aende wapi, hilo lilikuwa la kila mtu kujiamulia. Zamani viongozi walipanga watu wenyewe, na watu wakanuniana mpaka ikafika Pasaka bila salamu. Siku hizi mchungaji anakuja, anaomba, kisha kila mmoja anasimama upande anaoutaka, mbele ya macho ya wote.

Wellars akashikwa na wasiwasi. Ulikuwa wasiwasi wa kweli, simsingizii. Hakuwa na shaka kwamba watu watabaki naye. Alichoogopa ni kwamba watabaki wote, na yule binti atasimama peke yake upande wake aibu ikimmaliza. Akaniambia atazungumza na watu wawili kwa siri, wale wasiomnyima kitu, awaombe waende naye. Nilimwambia ni wazo zuri, na lilikuwa wazo zuri.

Wa kwanza alikuwa Nyirarukundo, anayevusha nyanya kwenda Goma kupitia Petite Barrière. Alimfuata pale pale mpakani, akamngoja ashushe beseni, akamweleza. Nyirarukundo alilia. Alisema hawezi kumwacha mtu aliyekesha naye hospitali wakati mama yake anakufa. Wellars alinisimulia haya yote mezani jioni ile, kwa uso wa huzuni, neno kwa neno, na machozi akayaeleza mara mbili. Huzuni ile haikumzuia kula. Aliongeza mboga ya sombe, akaongeza na wali.

Kesho yake akamwendea Nzabonimpa, ambaye ni mtumishi wa serikali katika ofisi ya sekta na si mtu wa kulia. Huyo alimwambia kwamba bila Wellars angekuwa bado anakunywa pombe. Wellars akarudi nyumbani anatembea kama bwana harusi.

Watu wawili walikuwa wameisha. Yeye akaendelea.

Alimtembelea mmoja kule Cyanzarwe, mvua ikinyesha, akarudi na viatu vimejaa tope na sura inang'aa. Alimtembelea mwingine dukani, mwingine nyumbani kwake, mwingine alimpata njiani akitoka kanisani. Kila mmoja Wellars alimwambia jambo hili ni siri ya wawili, Gatesi asilisikie, na kwamba asiwe na wasiwasi, wengine wote watabaki. Na kila mmoja alimkatalia kwa namna yake, kwa maneno matamu ambayo kwa kawaida mtu huambiwa akiwa ndani ya jeneza. Wellars alikuwa akiyasikia angali hai, na yalimlevya. Kadiri walivyomkatalia ndivyo alivyowabembeleza vizuri zaidi, ili wamkatalie tena. Alikuwa na ufundi. Mwishoni ungemsikia akiomba, wewe mwenyewe ungefunga mizigo yako.

Nilimwambia atosheke. Nilimwambia ukweli wenyewe: "Baba Akaliza, utawaomba mpaka wakubali."

Akanijibu kwamba kazi ya uchungaji nisingeielewa, ni kazi ya kujinyima. Nikarudi kumenya viazi vyangu.

Kuna mtu mmoja ambaye hakumwomba, naye ni mimi. Haikumpitia kichwani. Mke wa kiongozi hahesabiwi, yumo kama kabati lilivyomo. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua tangu jioni ile mchungaji alipotangaza, kabla ya nyanya za Nyirarukundo na kabla ya tope la Cyanzarwe. Nilitaka kwenda na Gatesi. Nilitaka kuingia katika nyumba ya mtu mwingine, nikae kwenye kiti, niletewe chai, nisikie habari yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikuwa na ugomvi na mume wangu. Nilikuwa na hamu tu ya kukaa.

Siku ikafika. Mchungaji aliomba, akasema watakaokwenda na Gatesi wasimame dirishani, watakaobaki wasimame karibu na kabati. Gatesi alikuwa tayari dirishani, ameikumbatia Biblia yake na macho yako sakafuni. Wellars alisimama mbele ya kabati, mikono nyuma, ametulia kama mtu anayepokea wageni.

Nyirarukundo ndiye aliyetangulia. Alimtazama Wellars kwa uchungu, akatingisha kichwa kidogo kama kusema sawa, nakutii, akaenda dirishani. Wellars akamwitikia kwa kichwa, ameguswa. Akafuata Nzabonimpa. Akafuata yule wa Cyanzarwe. Kila mmoja alikwenda kwa uso wa mtu anayejitoa mhanga peke yake, na akifika dirishani anageuka, anakuta mwenzake nyuma yake, kisha mwingine, na macho yanaanza kumtoka. Walibanana pale mpaka pazia likachomoka upande mmoja. Wellars aliendelea kutabasamu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akageuka kutazama nyuma yake, kama vile labda kuna watu wamesimama huko na hakuwaona. Nyuma yake kulikuwa na vikombe vyangu.

Mchungaji alifurahi mno. Alisema hajawahi kuona upendo wa namna hii kwa kiongozi mchanga. Kisha akanigeukia, mimi niliyekuwa mlangoni mwa jikoni na chupa ya chai mkononi, akauliza, na Mama Akaliza je?

Nilimhurumia Wellars. Alinitazama bila shaka yoyote, kama mtu anayetazama kitanda chake baada ya safari mbaya. Niliweka chupa mezani nikaenda dirishani.

Wote walidhani ameniomba na mimi pia. Yeye mwenyewe, nadhani, alijiambia ninakwenda kumsaidia binti na chai.

Mchungaji akasema kiongozi aliyebaki bila watu ana baraka ya kuanza upya, atawakaribisha majirani. Wellars akajibu kwamba ndivyo atakavyofanya, Mungu ametenda. Usiku huo hakugusa chakula. Hakuniuliza kitu, nami sikumsaidia.

Alhamisi iliyofuata alivaa koti lake, akakaa sebuleni, Biblia magotini. Viti vilikuwa vimepangwa. Hakuna jirani aliyekuja, maana hakuna aliyekaribishwa. Nilipojifunga kitenge changu cha kutokea aliniuliza kama naenda. Nikasema naenda. Nilikuwa nimeshateremka mpaka kituo cha basi dogo nilipomwona anakuja nyuma, Biblia ameificha ndani ya koti ili aonekane kama mtu aliyetumwa dukani. Tukapanda pamoja. Njia nzima alitazama ziwa.

Kwa Gatesi ni chumba kimoja. Cherehani ilikuwa imesukumwa pembeni na kufunikwa shuka, na watu walikaa kwenye vigoda, kwenye mkeka, wengine ukingoni mwa kitanda. Waliponiona na Wellars nyuma yangu walijibana, tukapata pa kukaa. Mimi nilipewa kiti. Nililetewa chai. Niliishika kwa mikono miwili na sikuinuka.

Tulisoma habari ya mgonjwa aliyeshushwa na rafiki zake kupitia paa. Gatesi aliuliza maswali kwa ile sauti yake ndogo, kisha akanyamaza akisubiri. Alisubiri kweli. Ukimya ulikuwa mrefu mpaka unasikia redio ya jirani, na nilimwona Wellars anafungua mdomo, anaufunga, anafungua tena. Mwishowe Nzabonimpa akauliza nani alilipia lile paa, watu wakacheka, na mazungumzo yakaanza. Nami nikasema langu. Nikasema labda mgonjwa mwenyewe hakupenda kubebwa, ila hakuna aliyemuuliza. Waliliongelea neno langu kwa kitambo kizuri. Nilijisikia vizuri sana, sioni sababu ya kuficha.

Kisha ukaja wakati wa mahitaji ya maombi. Gatesi alizunguka, mtu kwa mtu: huyu mtoto wake ana homa, huyu anatafuta kazi. Akafika kwa Wellars. Nilidhani atasema anaombea amani ya nchi, ndivyo alivyosema kila mara nyumbani kwetu.

"Mi niko na maumivu," alisema. Alitazama mikono yake. "Niliwaomba muende, mumoja mumoja, wote. Lakini sikutaka muende."

Watu walitazamana, na kila mmoja akaelewa kwamba hakuwa mteule wa siri yoyote. Nyirarukundo alianza kulia tena, ni mwepesi wa machozi.

"Papa," akasema, "na sisi hatukutaka kukuacha. Tulikuja juu yako. Sababu ni wewe uliomba."

Wengine wakaitikia, ndiyo, papa, ni kweli, hata mimi. Nzabonimpa akasema wangeweza kurudi hata Alhamisi ijayo, mchungaji angeelewa. Wellars aliinua uso. Maneno yalikuwa yanammiminikia tena, matamu yale yale, na uso wake ulikuwa unarudi kuwa uso wake.

Mimi nilikuwa namtazama Gatesi, na nadhani nilikuwa peke yangu. Alikuwa amekaa juu ya kigoda chake, ndani ya nyumba yake, kati ya vikombe alivyoazima kwa majirani, akisikia mtu mmoja baada ya mwingine akisema hakutaka kuja. Nilikasirika. Niliwakasirikia wote, na mume wangu zaidi, kwa wema wao ule usio na macho.

Gatesi hakulia. Alifunga Biblia yake, akaweka kidole ndani asipoteze mahali.

"Nilijua," alisema, na kwa mara ya kwanza wote waliinamisha vichwa ili wamsikie. "Siku ile kwenye dirisha, mulikuwa munaniangalia kama mutu wa kufiwa. Bon, ni sawa. Mi pia niko na hitaji. Nauliza tu: kuna hata mumoja alikuja hapa kwa sababu alipenda?"

Redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Watu walitazama mkeka. Wellars naye aliutazama.

"Mimi," nikasema. "Hakuna aliyeniomba. Nilitaka kuja tangu siku ya kwanza."

Nililisema kwa Kiswahili changu cha redio, likasikika mpaka mlangoni. Wellars akageuka kunitazama. Miaka mingi tumeishi pamoja na nayajua macho yake yote, lakini hayo sikuwahi kuyaona. Alikuwa anahesabu kichwani, naona, vikombe vya chai, Alhamisi hadi Alhamisi.

Gatesi alifuta pua kwa kiganja. Akasema basi Mama Akaliza ndiye atakayetuombea leo, hitaji lake yeye Gatesi na la papa pamoja.

Sijawahi kuomba kwa sauti mbele ya watu. Nilisimama kati yao wawili, mkono mmoja nikauweka begani kwa mume wangu, mwingine begani kwa Gatesi. Wellars alikuwa ameshainamisha kichwa, amefumba macho, anangoja kutajwa.

Nilianza na Gatesi. Nilimwombea taratibu, bila haraka, kila nilichomtakia, na mume wangu akasubiri.