Unyayo Pamoja na Kucha

Binti yetu Botagoz alipougua homa ya uti wa mgongo, baba yake alikuwa kwenye jangwa la Moyinkum akitega panya kwa ajili ya utafiti wake. Aliporudi Almaty tulikuwa tumeshamzika. Sikumpigia kelele. Baadaye akampa panya jina la mtoto.

Ndiyo, panya. Kosayak, yule mdogo wa jangwani anayeruka kwa miguu miwili. Mume wangu Sapargali alidai wale wake wana nyayo ndefu kuliko kosayak wa kawaida, kwa hiyo ni spishi mpya, na wataalamu wakakubali iitwe Botagoz. Zawadi ile niliichukia. Lakini kila kitabu kipya cha wanyama kilipotoka, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutafuta ukurasa wenye jina la mwanangu.

Majuzi alikuja Yerzhan, mwanafunzi wake wa zamani. Hata chai hakuigusa.

"Mwalimu, majibu ya vinasaba yametoka. Botagoz ni kosayak wa kawaida tu. Hakuna spishi mpya."

"Mashine zenu hizo!" Sapargali akafoka. "Mimi nimezipima nyayo kwa mkono huu. Wewe umewahi kumshika hata mmoja aliye hai?"

"Basi tukapime tena, mwalimu. Ngozi si zipo?"

Nikavaa koti.

"Na wewe unakwenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Kumwona mwanangu."

Kwenye stoo ya ngozi ya taasisi alikofanya kazi mume wangu, Yerzhan alipima miguu iliyokauka ya wale panya wa Botagoz. Wataalamu wa huku hufundishwa kupima unyayo toka kisigino hadi ncha ya kidole, kucha hazimo. Akapima hivyo, na wote wakawa sawa na wa kawaida. Akapima tena pamoja na kucha, kama wanavyofanya ng'ambo. Zikatoka namba zilezile za Sapargali.

"Mwalimu," akasema kwa aibu, "wa kwako uliwapima na kucha. Wale uliowalinganisha nao walipimwa bila kucha."

"Jarida lililochapisha ugunduzi wangu lilikuwa la ng'ambo. Nilifuata mtindo wao." Sapargali alikuwa ameinamia meza. "Nikasahau kuwapima upya wale wa kawaida."

"Uligundua lini?" nikamuuliza.

"Mwaka uliofuata."

"Na ukanyamaza."

"Ningefanyaje, Mama Botagoz? Tumzike mara ya pili?"

Yerzhan akanigeukia. "Mama, mkiniambia nisichapishe, sichapishi. Wallahi."

Nilitaka kumwambia asichapishe. Nilitaka sana. Nikaziangalia zile ngozi zilizojazwa pamba, nikamkumbuka mtoto wangu alivyokuwa akicheka.

"Chapisha," nikasema. "Mwanangu hakuzaliwa kwa kosa la kupima."

Yerzhan akaanza kufungua vikaratasi vyenye jina la Botagoz vilivyofungwa miguuni mwa ngozi zile, mguu mmoja baada ya mwingine. Sapargali akageuka kwenda mlangoni. Nikamkamata mkono wa koti.

"Kaa hapa," nikamwambia. "Safari hii utakuwepo."