Kitambi cha Bosi

Hakuna aliyekaa chini akamchagulia jina yule mtoto wa farasi. Lilikuja lenyewe, kwa sababu ya tumbo. Alikuwa na tumbo la mviringo, limening'inia kama la mtu mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka. Siku moja fundi baiskeli wa jirani akapita, akamkuta amesimama mlangoni mwa banda, akavua kofia: "Shikamoo bosi!" Watu wakacheka, na basi, ikawa ndiyo hiyo. Bosi.

Aliyefurahi kuliko wote ni Shangazi. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri, ingawa mtoto wa kumzaa hakujaliwa. Alikaa uani kwa mdogo wake, Breki, mbeba mizigo kwa mkokoteni, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mkokoteni wake haukuwahi kuwa na breki hata siku moja. Farasi jike wa Breki alikufa hata wiki haijaisha tangu azae. Akaacha kitoto kinatetemeka miguu kama meza mbovu. Shangazi akakichukua, akakinywesha maziwa kwa chupa, akahamishia godoro lake bandani. Breki akimwambia njoo ulale ndani, anamjibu, "Wewe ulilelewa na mama, mwache na mwenzio alelewe."

Breki naye akaingia mwenyewe kwenye miti ya mkokoteni, akawa anavuta. Sokoni hawakumwacha.

"Breki, leo umekula majani au pumba?"

"Nimekula vyote. Namsubiri bosi akue, anipe likizo."

Mdomo ulicheka, mgongo haukucheka. Tegemeo lao lote lilikuwa yule mtoto: Breki apate kupumua, na dada yake apate... eh, apate mtoto, tuseme ukweli.

Sasa kitambi, na nyie mnajua mambo ya kitambi. Mtu akiota tumbo tunasema mambo yamemnyookea. Hakuna anayemtazama mwenye kitambi akamuuliza anaumwa nini. Shangazi alikuwa akimpapasa Bosi tumbo kila asubuhi anamshukuru Mungu.

Na siyo kwamba walizembea. Dawa ya minyoo, ile ya bomba unayomsukumia farasi mdomoni, Shangazi aliinunua kila mwezi kwenye duka la dawa za mifugo. Ileile waliyoitumia wenye farasi wote wa mtaa ule, miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo Bosi alipoanza kukohoa, akaacha na pumba zake, minyoo haikuwajia akilini kabisa. Breki akamwita daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa dada mmoja mfupi, mchangamfu, mabuti yake yamejaa matope ya watu wengine. Alimfungua Bosi mdomo, akamtazama fizi, akampitisha vidole mbavuni chini ya manyoya. Ule uchangamfu ukampungua. Akachota mavi, akayatia mfukoni, akaenda nayo. Kesho yake akarudi.

"Mayai ya minyoo yamejaa," akasema.

"Hiyo haiwezekani, mwanangu," Shangazi akaruka. "Dawa amekunywa juzijuzi tu, kwa mkono huu hapa!"

"Najua, Shangazi. Ndiyo maana naogopa. Minyoo imeshaizoea."

"Imeizoea vipi? Kama mlevi na pombe?"

"Mlevi pombe humwua polepole. Hii haifi. Ile dhaifu ilikufa zamani. Iliyoponea ndiyo iliyozaana, na farasi wote wa hapa mnawapa dawa hiyohiyo. Sasa imebaki sugu tupu, mtu na wajukuu zake."

Breki akakuna kichwa. "Kwa hiyo lile tumbo..."

"Siyo shibe, baba. Chakula inakula minyoo. Yeye anabeba tu."

Shangazi akakaa juu ya ndoo.

Daktari akawaeleza yote, hakuwaficha. Ipo dawa nyingine ambayo minyoo ile haijaizoea. Lakini mle ndani imejaa, mirefu kama kalamu, imesongamana. Ikifa yote kwa mkupuo inaweza kuziba utumbo, na utumbo wa mtoto ni mwembamba. Angempa ya taratibu, kidogo kidogo, pamoja na mafuta ya kulainisha. Hata hivyo hakuna wa kuwapa ahadi.

"Na tukimwacha?" Breki akauliza.

"Itaziba yenyewe. Au atakwisha hivyohivyo, mnamwona."

Shangazi akamgeukia daktari. "Angekuwa wako?"

"Ningempa," daktari akasema. "Nisingepata usingizi, lakini ningempa."

Basi wakakubaliana. Daktari akajaribu kumpa, Bosi akakaza meno. Breki akajaribu, akapigwa kichwa cha kifua. Yule mtoto tangu azaliwe alijua mkono mmoja tu. Shangazi akainuka kwenye ndoo, akaichukua dawa, akamwita kwa ile sauti ya kumwitia maziwa. Bosi akafungua mdomo mwenyewe. Akameza, akamlamba na vidole.

Asubuhi ilikuwa furaha! Bosi alitoa minyoo, myeupe, imekufa, imejikunja juu ya majani kama tambi. Shangazi akaita mtaa. "Njooni muwaone majambazi! Njooni muwaone waliokuwa wananilia mwanangu!" Fundi baiskeli akaja, akatazama, akatema mate pembeni. "Shangazi, leo mimi tambi sili tena." Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Breki alikwenda kazini siku ile anapiga mluzi.

Walimfuata Breki sokoni jua limeshapanda. Alipofika nyumbani Bosi alikuwa chini, anajigeuza huku na huku, amelowa jasho, anainua kichwa kulitazama tumbo lake kama kuna mtu anamgonga kutokea ndani. Anasimama, anapiga ardhi kwa kwato, anaanguka tena. Daktari alishafika. Alimpitisha mpira puani mpaka tumboni, akatoa maji machafu yenye vipande vya minyoo, akamchoma sindano ya maumivu. Ikamtuliza kidogo tu, yakarudi makubwa kuliko mwanzo.

"Pameziba," akasema. "Kumpasua hapa haiwezekani. Na pengine pameshapasuka. Tusimtese."

Shangazi akamweka Bosi kichwa mapajani. Breki akamshika shingo, macho yake yako kwa dada yake.

"Usinitazame mimi," Shangazi akamwambia. "Mshike yeye."

Sindano ya mwisho haikuchukua muda.

Daktari akaanza kusema samahani. Shangazi akamkata. "Ulituambia, mwanangu. Tulisikia. Dawa imefanya kazi yake." Akamwomba tu akawaeleze wenye farasi wengine, wawapimishe kwanza wa kwao. Daktari akaondoka kwa miguu, mfuko wake begani, kuanzia nyumba ya jirani.

Wakabaki wawili. Breki akaleta gunia, akamfunika Bosi, gunia halikumfika miguuni. Akakaa karibu na dada yake.

"Nilikuwa nalipapasa lile tumbo," Shangazi akasema. "Kila siku."

"Mtaa mzima tulilicheka, dada."

"Wewe hukulicheka. Ulikuja ukaniambia mbona manyoya yamesimama, mbona mbavu nazishika. Nikakwambia una wivu, kwa kuwa yeye ameshiba na wewe unavuta mzigo."

Breki akatazama chini. Alikumbuka vizuri. Alikumbuka mpaka alipokuwa amesimama, na jinsi alivyonyamaza siku ile ili asimharibie furaha yake.

"Mimi?" akasema. "Sikumbuki kusema hivyo."

"Ulisema."

"Labda ni mtu mwingine, dada. Mimi farasi najua kuvuta nao tu, manyoya yao nayajulia wapi?"

Shangazi akamwegemea begani, na ndipo alipolia.