Majina ya Saa Kumi na Moja

Mama mkwe alikuwa amefika jina la tisa, na mwanangu bado analia.

Alikuwa amekaa mkekani, kaegemea ukuta wa jiko, amempakata mtoto na mdomo ameusogeza karibu kabisa na lile sikio dogo. Anaita jina, ananyamaza, anasikiliza. Agatha. Anasubiri. Marciana. Anasubiri. Semeni. Wote walikuwa marehemu wa upande wa mume wangu, Casmir: mashangazi, mabibi, na wengine ambao hata Casmir mwenyewe ungemuuliza asingekuambia walikuwa nani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, khanga imelowa maziwa kifuani, namwomba Mungu mtoto asinyamaze. Ndiyo. Mwanangu wa wiki tano, anayejikunja kwa maumivu kama jongoo aliyeguswa, na mimi naomba asinyamaze. Mama mzazi akifika kuomba hivyo, ujue yamemfika shingoni.

Maana nyumbani kwa mama mkwe, pale Munisagara, mtoto anayelia bila ugonjwa unaojulikana analilia jina. Yupo marehemu aliyesahauliwa, jina lake halikurithiwa, naye anamsumbua mtoto mpaka atajwe. Basi mtoto huitiwa majina, moja baada ya jingine, na lile atakalolinyamazia ndilo lake. Na wangu alikuwa na jina tayari. Nilimpa tangu akiwa tumboni, nikasema akiwa wa kike ni Regina, jina la mama yangu, aliyefariki Mikumi mwezi mmoja kabla sijajua kwamba nina mimba.

Kadi ya kliniki ilikuwa bado imeandikwa "Mtoto wa Yusta". Alhamisi ya wiki iliyofuata tulitakiwa Kilosa mjini kwa chanjo ya wiki sita, na nesi aliniambia siku hiyo nije na jina, waandike cheti cha kuzaliwa papo hapo. Nilikuwa na siku nane. Akimnyamazia Agatha atakuwa Agatha mpaka uzeeni, na mama yangu nitakuwa nimemzika mara ya pili, safari hii kwa kalamu.

Nilikuja Munisagara kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kunilea uzazi. Casmir ni fundi uashi, kazi zake ziko Dodoma, na chumba alichopanga huko wanalala mafundi wanne. Akanileta kwa mama yake, akakaa siku tatu, akaondoka. Mimi nimekulia Mikumi, kando ya barabara kuu, ambako mama alikuwa akiwapikia madereva wa malori. Nilizoea kelele. Munisagara treni ikishapita, kinabaki kimya kinachokulazimisha kusikia mawazo yako mwenyewe, na yangu siku zile hayakuwa ya kusikilizwa.

Mama mkwe, Magreti, sitaki kumsingizia. Alinikanda kwa maji ya moto kila asubuhi, alinipikia uji wa pilipili manga, hakunisimanga hata siku moja. Ila hatukuwa na maongezi. Shikamoo, mama. Marahaba. Umeamkaje, mgeni kaamkaje, basi, imetosha mpaka kesho. "Mgeni" ndiyo mtoto. Jina la Regina halikumtoka mdomoni hata kwa bahati mbaya. Nilipomlalamikia Casmir kwenye simu, alisema nimfuate mama, mama kalea watoto watano. Jambo lililonishangaza ni kwamba mama mwenyewe, akiulizwa na wapita njia, alikuwa akisema sita. Nikadhani ni uzee.

Kilio kilikuwa na saa yake. Mchana kutwa mtoto ananyonya, anasinzia dakika ishirini, anashtuka, ananyonya tena. Ikifika saa kumi na moja jioni, watu wakirudi mashambani, hapo ndipo anapoanza. Anavuta magoti mpaka kifuani, tumbo gumu kama mpira, uso mwekundu, na sauti ambayo huwezi kuamini kwamba imetoka kwenye kifua cha ukubwa ule. Anaendelea mpaka giza linaingia na sisi wote tumechoka. Nilifika mahali nikawa sikumbuki kama nimekula. Siku moja nilijikuta natembeza uani furushi la nguo chafu, nalibembeleza, na mtoto yuko ndani kalala.

Nesi alinionyesha dawa ya kilio cha namna hiyo siku niliyojifungua. Mtoto akimaliza kunyonya, alisema, usimlaze. Msimamishe kifuani, kidevu begani, mpigepige mgongo taratibu mpaka acheue, ile hewa aliyoimeza itoke. Nilimwambia mama mkwe hayo tulipofika nyumbani. Akashtuka hasa. Alisema kiuno cha mtoto hakijakomaa, shingo haijakomaa, ukimsimamisha kabla ya miezi mitatu unamvunja. Dawa ya mizizi aliyotaka kumnywesha mtoto nilimkatalia, nikasema nesi amekataza, na akanielewa. Hili la pili niliona nikimkatalia tena nitakuwa mkwe mwenye kiburi. Basi nikawa namnyonyesha nimejilaza, akimaliza namwacha hapo hapo, chali, na gesi zake tumboni. Heshima yangu nilimlipisha mtoto.

Jumatatu mama mkwe alikwenda shamba la mtoni mapema. Nilisubiri mpaka mgongo wake ukapotea nyuma ya mahindi. Nikamnyonyesha mtoto, nikamwinua, nikamweka begani. Shingo nikamshikilia kwa kiganja, maana maneno ya mtu ukishayasikia kila siku yanakuingia hata kama huyaamini. Nikampigapiga. Hakuna kitu. Nikatembea naye uani, nikampigapiga tena, na hapo akatoa mcheuo mmoja mzito, wa mwanaume mzima, kama dereva wa lori aliyemaliza ugali na maharage ya mama na anataka kujua kama mchuzi umebaki.

Nilicheka peke yangu pale uani mpaka machozi yakatoka. Halafu yakaendelea kutoka kicheko kikiwa kimekwisha. Nilitaka mtu wa kumwambia. Nilimpigia Casmir papo hapo, nikamweleza yote, mpaka mlio wenyewe nikamwigizia. Akasema vizuri, lakini angalia usimuudhi mama. Kisha akasema zege linakauka, akakata.

Nikambembeleza mtoto kwa namna niliyobembelezwa mimi. Mama hakuwa mtu wa kuimba. Alikuwa ananiweka begani, tumekaa kwenye benchi la mgahawa, na malori yanapanda kutoka upande wa mbuga, naye ananihesabia: limepita la mafuta, limepita la mbao, limepita la shaba. Sauti yake ilikuwa ikitoka chini kifuani, inavuma kama injini. Munisagara hakuna lori, lakini nilihesabu hivyo hivyo, nikivuma. Mtoto alilala kwa muda wa saa mbili na nusu. Jioni ile saa kumi na moja ikaja ikapita na hakulia, na Jumanne pia nikafanya kwa siri, na jioni pia hakulia. Mama mkwe aliangalia tu. Nilianza kusema Regina kwa sauti ya kusikika.

Jumatano hakwenda shamba. Alijikalia mkekani akichambua maharage, akajikalia, akajikalia, na mtoto ananyonya mbele yake. Nikakosa ujasiri. Nikamlaza chali, nikamfunika, nikajidanganya kwamba siku moja haitaharibu kitu.

Saa kumi na moja haikuchelewa. Mama mkwe akamchukua, akaanza upya, Agatha aliyekwisha kukataliwa mara ngapi, Marciana, Semeni. Nikaona safari hii haiti kama anayetafuta. Anaita kama mtu anayesukuma mlango. Majina yakaisha, mtoto bado anapiga kelele mapajani mwake. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akamwinua, akamsimamisha, kidevu begani, akaanza kumpigapiga mgongo kwa kiganja. Na kwa sauti ndogo akasema jina ambalo sikuwahi kulisikia katika nyumba ile.

"Sikuzani."

Mtoto akacheua. Mcheuo mrefu, na maziwa kidogo yakamwagikia khanga ya bibi yake. Akashusha pumzi. Akanyamaza.

Nilipandwa na hasira, nisiseme uongo. Kesho ndiyo kliniki, na tumefika mwisho kabisa, na mwanangu ananyang'anywa jina kwa gesi! Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ndipo nikamwona uso. Mama mkwe alikuwa amefumba macho, ameliweka shavu lake kwenye kichwa cha mtoto, na machozi yanamtiririka bila sauti, kama maji yanayopita chini ya mlango.

Alinieleza bila kufumbua macho. Sikuzani alikuwa mtoto wake wa pili, kabla ya Casmir. Wakati huo waliishi Rudewa, marehemu mumewe akikata mkonge, na mtoto akiwa na miezi miwili alianza kulia. Wakamwitia majina. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Walibadilisha jina mara tatu, na kila wakibadilisha ananyamaza kidogo, wanashukuru, anaanza tena. Siku ya tisa alinyamaza moja kwa moja. Hakuna aliyewaza kumpeleka hospitali, maana waliona wanamtibu. Wakamzika nyuma ya kambi ya vibarua, na sasa pale wanalima watu wengine. Jina lake halikutajwa tena, kusudi asiwarudie wadogo zake. Ndiyo maana hata Casmir anahesabu watano.

Nikamuuliza kwa nini leo amemtaja.

"Nilitaka kujua kama bado ana hasira na mimi," alisema.

Nikamsogelea, naye akainua mkono mmoja kunizuia.

"Usiniambie kitu, mwanangu. Nilikuona Jumatatu. Nilikuwa nimerudi kuchukua panga, nikasimama pale kwenye mahindi."

"Kwa hiyo unajua, mama."

"Najua ni gesi," alisema. "Lakini amenyamaza."

Asubuhi tulipanda bodaboda mshikaki, dereva, mama mkwe katikati na mimi nyuma, mtoto nimemfunga kifuani. Njia nzima nilikuwa nikijizoeza kutamka jina. Nilikuwa nimeamua. Mama yangu alizikwa na watu, akaombewa, akawekewa msalaba wenye jina lake, na madereva wengine mpaka leo wakipita pale wanamtaja. Yule wa Rudewa hana hata jiwe. Jina la karatasi nitampa yeye, nilijiambia, na nilipojiambia hivyo niliumia kama mtu anayetoa kitu chake cha mwisho ndani ya nyumba, lakini sikurudi nyuma.

Nesi alimpima mtoto, akasifu uzito, akamchoma sindano, akachukua kalamu. Akauliza jina. Nikavuta pumzi.

"Regina," mama mkwe alisema, kabla yangu. "Jina la bibi yake wa Mikumi."

Nesi akaandika. Niliangalia herufi zikitoka moja moja, na sikuweza kufurahi kama nilivyodhani nitafurahi. Tulipotoka nje nilimuuliza mama mkwe kwa nini amefanya vile, nikamwambia nilikuwa nakaribia kusema jina jingine. Alikuwa akimfuta mtoto machozi ya sindano kwa ncha ya khanga.

"Nilijua," alisema. "Lakini Sikuzani analo hilo tu. Akipewa mwingine, yeye atabaki na nini?"

Jioni tulikuwa Munisagara. Saa kumi na moja mtoto alianza, kwa sindano au kwa gesi, sijui. Nilikuwa jikoni, mikono ina unga. Mama mkwe akamchukua, akaketi pale pale kwenye ukuta, akamweka begani, akampigapiga. Nikasubiri kusikia jina. Hakuita la mtu yeyote. Alikohoa kidogo, kama mtu anayetaka kusoma mbele ya darasa.

"Limepita la mafuta," alisema. Kumbe Jumatatu alisimama kwenye mahindi muda mrefu. "Limepita la mbao. Limepita la shaba."

Regina akacheua, lakini hakulala. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama nyuma ya bega la bibi yake.

"Halafu?" mama mkwe akaniuliza. "La nne lilibeba nini?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena, unga unanikaukia mikononi. Malori yalikuwa mengi, usiku na mchana, na mama alihesabu kila jioni ya utoto wangu. Lakini mimi sikuwahi kuvuka la shaba, nilikuwa nimeshalala. Na aliyekuwa akijua hayupo wa kuulizwa.

"Sijui, mama," nilisema. "La nne sikuwahi kulisikia."

Akasogea kidogo mkekani, akaniachia nafasi, bila kuacha kumpigapiga mtoto.

"Basi njoo ukae," alisema. "Tulingoje."